Istilahi Huzaliwa Kongamanoni

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Aghalabu methali hii hutumiwa tunapozungumzia ugavi wa mali, wa vyeo au wa chakula cha karamu. Katika makala haya ninanuia kuitumia kuzungumzia jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuliona kuwa la wenyewe, nalo ni makongamano ya kimataifa kuhusu mielekeo ya sayansi na teknolojia.

Kila muhula ubao wa matangazo ulio karibu na maktaba yetu hujaa miito ya makala za makongamano hayo: nishati jadidifu, afya ya umma, akili bandia, kilimo na mabadiliko ya tabianchi. Wanafunzi wa uhandisi na wa sayansi husimama wakanakili tarehe. Wale wa Idara ya Kiswahili hupita moja kwa moja hadi kwenye tangazo la tamasha la ushairi au la kongamano la fasihi. Ukiwauliza sababu, hukujibu kwamba sayansi ina wanasayansi wake. Jibu hilo lina adabu, lakini lina kasoro. Mojawapo ya kazi kuu zinazofanywa katika makongamano ya sayansi ni kazi ile ile tunayofunzwa darasani kwa miaka minne: kuyapa mambo majina, kuzipambanua maana na kukubaliana juu ya matumizi. Kongamano ni chumba cha kujifungulia istilahi. Lugha isiyokuwamo chumbani humo huletewa mtoto akiwa mkubwa, ana jina na ana tabia zake.

Tuchukue mfano wa kale ambao wanafunzi wa kemia huujua na sisi hatusimuliwi. Mnamo Septemba 1860, wanakemia zaidi ya 120, wengi wao kutoka Ulaya, walikutana kwa siku tatu katika mji wa Karlsruhe, ambao leo umo nchini Ujerumani. Mkutano huo huhesabiwa kuwa kongamano la kwanza la kimataifa la kemia. Aliyeliwaza jambo hilo alikuwa August Kekulé, akasaidiwa na Adolphe Wurtz na Karl Weltzien. Kilichowakusanya wataalamu hao kilikuwa ugomvi wa maneno. Walikuwa hawajaafikiana kuhusu maana ya atomi na maana ya molekuli, wala kuhusu namna ya kuandika fomula. Maji yenyewe, yale tunayoteka kila siku, yaliandikwa kwa namna hii na huyu na kwa namna nyingine na yule. Katika kitabu chake cha mwaka 1861, Kekulé aliorodhesha fomula 19 zilizokuwa zikitumiwa kuiandika asidi moja tu, ile iliyomo ndani ya siki. Hebu fikiria, msomaji: watu wa taaluma moja, wakitazama kitu kimoja, na majina yake 19!

Kongamano lile halikutoa uamuzi wa kuwafunga wote. Hata hivyo, lilipokuwa likimalizika, mjumbe mmoja kutoka Italia, Angelo Pavesi, aligawa kijitabu cha mwenzake Stanislao Cannizzaro kilichozipambanua dhana za atomi na molekuli kwa uwazi. Lothar Meyer alikisoma baadaye, akaeleza kuwa shaka zilimtoka. Dmitri Mendeleev, kijana wa miaka 26 aliyetoka Urusi, naye alikuwa ukumbini; mwaka 1869 alichapisha jedwali lake la elementi, lile linalotundikwa katika kila maabara ya shule zetu. Kijitabu hicho kiliandikwa kwa Kiitaliano, ilhali majadiliano yalitawaliwa na Kifaransa na Kijerumani. Mimi hupata mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kuwa sayansi haisongi mbele kwa vipimo pekee. Husonga pia maneno yanaponyooka. La pili ni kuwa maandishi ya lugha isiyotawala ukumbi yanaweza kubadili mambo, mradi yawe yamefika ukumbini.

Takriban karne moja baadaye, jambo la aina hiyo lilitokea Marekani. Mwaka 1955, John McCarthy na wenzake watatu, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon, waliandika pendekezo la kuomba fedha za warsha, nayo ikafanyika katika Chuo cha Dartmouth mwaka 1956. Katika pendekezo hilo ndimo lilimoanzia jina ambalo sasa limetapakaa duniani kote, la mashine kuigiza akili ya mwanadamu. McCarthy alihitaji jina la kuitenga taaluma changa na nyingine zilizokuwa jirani yake. Sisi jina hilo lilitufikia miongo kadhaa baadaye, na kwa kuwa hatukulipokea tukiwa pamoja, kila mmoja alilibatiza kivyake. Wapo wasemao akili bandia, wapo wasemao akili mnemba, na wapo wasemao akili unde. Tofauti hizi si za mapambo. Neno bandia humfanya msikilizaji awaze juu ya noti za kughushi. Neno unde humwelekeza kwenye kitendo cha kuunda. Mwanafunzi aliyelelewa kwa neno la kwanza na yule aliyelelewa kwa neno la pili hawatakiendea kitu hicho kwa mtazamo mmoja. Yaliyotukuta hapa yalikwisha kutukuta katika kompyuta: Mkenya aliyesoma shule huandika tarakilishi, wengine wakajaribu ngamizi, na jirani zetu wa Tanzania wakatosheka na kompyuta.

Naam, hata Kiswahili Sanifu chenyewe kilizaliwa mkutanoni. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kuwa Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyoshughulikia nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Uamuzi huo ulipitishwa Mombasa, nyumbani kwa Kimvita, na waamuzi walikuwa maafisa wa kikoloni, wamishenari na wataalamu wa kigeni. Sitaki kuufufua mjadala wa lahaja hapa, maana una wenyewe na una kurasa zake. Ninataka tu tukumbuke kwamba sisi, kuliko watu wengi, tunajua maana ya kuamuliwa mambo ya lugha mkutanoni huku wenye lugha wakiwa nje.

Mfano ulionisukuma kushika kalamu, hata hivyo, ni wa karibu zaidi, nao unahusu mahindi. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana. Uchunguzi ulionyesha kuwa walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, na kwamba kuvu hao walikuwa wametoa sumu kali. Wanasayansi walichukua herufi ya kwanza ya jina la jenasi ya kuvu hao, wakaongeza silabi kutoka jina la spishi na neno la Kizungu la sumu, wakapata aflatoksini. Jina hilo halimwambii mkulima chochote. Kwa bahati njema Kiswahili kina neno sumukuvu, ambalo ni maelezo kamili: ni sumu, nayo hutoka kwa kuvu.

Hapa Kenya sumukuvu si hadithi ya bata mzinga. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Hayo yalitokea zaidi ya miaka 40 baada ya sumu hiyo kugunduliwa na kupewa jina, na baada ya makala chungu nzima kuwasilishwa kuihusu katika kumbi za dunia.

Mwenzangu mmoja anayesomea sayansi ya chakula alifanya utafiti kuhusu jinsi wakulima wa sehemu moja ya Makueni wanavyokausha na kuhifadhi mahindi. Aliyawasilisha matokeo yake mara mbili, nami nilikuwapo mara zote mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa katika ukumbi wa hoteli moja jijini Nairobi, katika kongamano la kimataifa. Alipewa dakika 15, na dakika tano za maswali. Alizungumza Kiingereza safi, slaidi zake zikapita moja baada ya nyingine, na mwenyekiti akainua kikaratasi cha kumkumbusha kuwa muda umeyoyoma. Yaliulizwa maswali mawili. La kwanza lilihusu jinsi sampuli zilivyoteuliwa, nalo lilikuwa swali la haki. La pili halikuwa swali. Lilikuwa maelezo ya mwulizaji kuhusu utafiti wake mwenyewe. Kisha tukaitwa kwenye chai.

Mara ya pili ilikuwa katika baraza la chifu, kule kule alikokusanya data. Mwenzangu anakizungumza Kiswahili vizuri nyumbani na sokoni, lakini hakuwahi kuitamka sayansi yake kwa lugha hiyo hata siku moja. Aliniomba nimsaidie kuandaa mazungumzo yake, nasi tukaketi jioni tatu mfululizo. Nilidhani shida itakuwa istilahi, kumbe istilahi zilikuwa nyepesi. Kuvu, unyevu, punje, ghala, kuanika, kupukuchua: lugha ya wakulima imejaa maneno hayo. Tulipokwama ni katika namba. Sheria ya viwango nchini Kenya inakataza mahindi ya chakula kuzidi sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja. Nilimwuliza mwenzangu: sehemu bilioni moja ni ngapi kwa mtu wa gunia? Akanyamaza, akachukua karatasi. Tukikadiria kuwa punje moja ina uzito wa thuluthi ya gramu, gunia la kilo 90 lina punje zipatazo 270,000. Punje bilioni moja, basi, hujaza magunia zaidi ya 3,000. Sheria inasema kwamba kiasi cha sumu chenye uzito wa punje 10 kikitapakaa katika magunia hayo yote, tumefika mpakani. Mwenzangu alitazama hesabu ile kwa muda, akasema kwamba ameiandika namba hiyo mara nyingi na hakuwahi kuiona.

Barazani, chini ya miembe miwili karibu na ofisi ya chifu, mazungumzo yalichukua saa tatu. Tulionyesha njia ya kupima ukavu wa mahindi bila mashine: unatia punje kiasi katika chupa kavu, unaongeza chumvi kavu, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yangali na unyevu mwingi mno, yarudishwe juani, tena juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu. Chupa ikapitishwa mikononi mwa watu. Pale neno la Kiswahili lilipomshinda mzee mmoja, mwenzake alilitia katika Kikamba, na tukaendelea.

Maswali nayo yalimiminika. Mwanamume mmoja alitaka kujua kama kuchemsha githeri kwa saa nyingi hakuuwi sumu hiyo. Jibu ni kwamba moto wa jikoni huwaua kuvu, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki. Mwingine alisema kwamba mahindi yakiota ukungu huwa hawali, humpa ng'ombe. Je, kuna ubaya? Upo, kwa maana sehemu ya sumu hupita ikaingia katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto. Ukimya ulioshuka pale ulikuwa wa watu wanaohesabu. Hatimaye mama mmoja mzee aliinuka polepole, akasema: "Mwanangu, umetueleza habari za ugali na githeri. Mbona hukutuambia habari za muthokoi? Sisi huyakoboa mahindi kwanza. Je, sumu iko kwenye ganda au iko ndani?"

Msomaji asiyeijua Ukambani afahamu kuwa muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa pamoja na maharagwe au kunde. Swali la mama yule ni swali la kisayansi kwa ukamilifu wake. Lina dhana, lina ulinganishi, na linaweza kupimwa maabarani. Ukweli ni kwamba kukoboa hupunguza sumu bila kuimaliza, na kiasi kinachopungua hutegemea hali ya mahindi na ukobozi wenyewe. Mwenzangu alimjibu alivyoweza, kisha akaliandika swali hilo katika daftari lake na kulipigia mstari. Tulipokuwa tukirejea, aliniambia kwamba hilo ndilo atakalolifanyia utafiti baada ya hapo.

Nimekuwa nikiyapima mambo haya mawili tangu siku ile. Hoteli ilikuwa na vipaza sauti, wataalamu na kumbukumbu zitakazochapishwa. Baraza lilikuwa na miembe na chupa ya chumvi. Lakini swali bora lilitoka barazani, na lilitoka kwa sababu lugha iliyotumika ilimruhusu mwenye ujuzi wa muthokoi kukutana na mwenye ujuzi wa sumukuvu. Kumbukumbu za kongamano zitayahifadhi yaliyosemwa hotelini. Yaliyosemwa barazani hayana pa kuhifadhiwa, isipokuwa katika daftari la mtu mmoja. Hii ndiyo hasara ninayoizungumzia. Wengi husema kwamba kutotumia Kiswahili katika makongamano ya sayansi kunawanyima wananchi maarifa. Ni kweli. Ila pia kunainyima sayansi maswali.

Yamkini msomaji ataniuliza: kwani hata hao wanasayansi wetu wanaotumia Kiingereza wanafika kwenye makongamano hayo? Si wote, kwani milango ni myembamba. Ada ya kushiriki pekee huweza kumshinda mwanafunzi. Viza nayo ni mlima mwingine. Desemba 2018, kongamano kubwa la akili bandia lilipofanyika Montréal, Kanada, watafiti wengi wa Kiafrika waliokuwa wamealikwa kwenye warsha ya watafiti weusi walinyimwa viza, na habari hizo zikavuma ulimwenguni. Kongamano jingine la taaluma hiyo, linalojulikana kwa kifupisho ICLR, lilipangwa lifanyike Addis Ababa mwaka 2020. Janga la Korona likaja, likahamishiwa mtandaoni. Lilifika barani Afrika mwezi Mei 2023, likafanyika Kigali.

Aidha, kuna milango mipana ambayo ni mitego. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuweka barua pepe yake katika makala huzijua barua zinazomwita Mheshimiwa Profesa na kumwalika aje kuwa mzungumzaji mkuu wa kongamano la sayansi zote kwa pamoja, katika mji wa kitalii, kwa malipo. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT, Marekani, waliunda programu ya kompyuta inayotunga makala zisizo na maana yoyote, wakatuma mojawapo kwa kongamano lililokuwa likiandaliwa Orlando, ikakubaliwa. Mwaka 2016 msomi mmoja aliyekuwa New Zealand alijaziwa makala nzima ya fizikia ya nyuklia na simu yake, kwa kulifuata kila neno ambalo simu ilimpendekezea. Kongamano lililoipokea liliikubali kabla ya saa tatu kupita. Dawa ya mitego hii ni ya zamani: mwulize mhadhiri wako, chunguza ni nani waliokuwamo katika kamati ya mwaka uliotangulia, na uzipate kumbukumbu zake uzisome. Kongamano lisilo na wasomaji wa makala halina pia wasikilizaji.

Pamoja na hayo yote, wapo waliokwisha kuonyesha njia. Mwaka 2017 vijana wa Kiafrika walianzisha mkutano wao wa ujifunzaji wa mashine, Deep Learning Indaba, mjini Johannesburg. Mwaka 2019 ulifanyika hapa Nairobi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kutokana na vuguvugu hilo kulizuka jumuiya iitwayo Masakhane, jina la Kizulu linalomaanisha tujenge pamoja, ambayo hutafiti namna ya kuziwezesha lugha za Kiafrika katika tarakilishi. Mwaka 2021 ulitangazwa mradi wake wa kutafsiri makala za kisayansi kwa lugha sita za Afrika: Kizulu, Kisotho cha Kaskazini, Kihausa, Kiyoruba, Kiganda na Kiamhari. Nilipoisoma orodha hiyo nilirudia kuihesabu. Kiswahili hakimo. Kiganda, lugha ya jirani zetu, kimo.

Sisemi hili kwa kinyongo, na ninawapongeza Waganda. Ninalisema kwa sababu huwa tunajiliwaza kwa sifa. Tunakariri kwamba UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kwamba Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Tunasimulia jinsi Joaquim Chissano wa Msumbiji alivyouhutubia Umoja huo kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuwaacha wakalimani wakihangaika. Hayo ni mambo ya fahari. Lakini sifa haimwandikii mtu ikisiri. Orodha za kazi hujazwa na watu waliofika na kazi mkononi, si na lugha iliyosifiwa zaidi.

Kuna hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wahadhiri wetu wa sayansi husema, tena kwa nia njema, kwamba kongamano la kimataifa linahitaji lugha moja ili Mjapani, Mbrazili na Mkenya waelewane, na kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ninaikubali. Sipendekezi mwanafizikia wa Nairobi azungumze Kiswahili mjini Tokyo. Ninazungumzia makongamano yanayofanyika hapa kwetu, kuhusu mahindi yetu, maji yetu na maradhi yetu. Sehemu ya pili ndiyo inayonipa taabu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi zilizomo humo zimekuwapo kwa zaidi ya miaka 30. Kinachokosekana ni vinywa vya kuzitamka jukwaani. Istilahi ni kama jembe: hung'aa kwa kulima, na likiachwa darini hupata kutu hata kama mhunzi alilifua kwa ustadi.

Tufanyeje, basi? Sina mapendekezo makubwa, kwa kuwa makubwa hungoja bajeti. Nina manne madogo ambayo chama chetu kinaweza kuyaanza muhula ujao.

La kwanza ni ikisiri. Kila chuo chetu kinapoandaa kongamano la sayansi, tuwaombe waandalizi waruhusu kila ikisiri iwe na ya pili kwa Kiswahili, nasi tujitolee kuziandaa pamoja na waandishi wenyewe. Ninasisitiza maneno pamoja na waandishi, kwa sababu zile jioni tatu za sumukuvu zilinifunza kuwa tafsiri nzuri huzaliwa pale mwanalugha anapouliza swali la kijinga na mwanasayansi akagundua kuwa si la kijinga.

La pili ni kikao kimoja cha alasiri, katika kila kongamano linalohusu maisha ya watu, kitakachoendeshwa kwa Kiswahili na kuhudhuriwa na wale wanaotafitiwa: wakulima, wavuvi, wauguzi wa zahanati, mafundi wa jua kali. Maswali yao yaandikwe katika kumbukumbu kama yanavyoandikwa ya maprofesa.

La tatu ni orodha ya istilahi. Kila kongamano likimalizika, tuorodheshe maneno mapya yaliyojitokeza na namna yalivyotafsiriwa, kisha tuwapelekee wenzetu wa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi kupitia vyama vya wanafunzi, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Tukifanya hivyo mapema, neno jipya litajadiliwa likiwa changa, kabla ya kila nchi kulipa jina lake na kulizoea.

La nne ni ukalimani. Wengi wetu tunaosomea tafsiri tunahitimu bila kuketi katika kibanda cha mkalimani hata mara moja. Makongamano haya ni shule ya bure. Mwanafunzi aliyezoea kukalimani mjadala wa pampu za maji au wa chanjo atakuwa na kazi mkononi siku Umoja wa Afrika utakapomhitaji.

Yapo mengine ambayo wenzangu watayaongeza, hasa wahadhiri wetu ambao wamehudhuria makongamano mengi kuliko mimi. Kwa upande wangu, mimi na mwenzangu tumeanza na tunachoweza. Makala yake ya pili, ile ya muthokoi, itakuwa na ikisiri mbili, na ile ya Kiswahili itasomwa barazani kabla ya ile ya Kiingereza kusomwa hotelini. Tunataka mama yule aisikie kwanza, kwa kuwa swali ni lake, naye huenda akawa na la pili.